Anayenusa Ndiye Anayetangulia

Kwenye sebule ya wageni ya bosi wangu, kule Mirdif, Dubai, kulikuwa na kabati la kioo lenye kitu kimoja tu ndani: mshale. Juu yake, ukutani, kilitundikwa kichwa cha mbogo. Kila Jumamosi kwa miaka minne nilikifuta kile kioo, na kila Jumamosi nilikifuta nikiangalia pembeni. Madam, mke wa bosi, alidhani naogopa kichwa. Kichwa! Nimechuna vichwa vya mbogo tangu sijaota ndevu. Nilichokuwa nakiogopa mimi ni manyoya ya ule mshale.

Kabla ya Dubai nilikuwa traka, mfuata nyayo, kwenye mapori ya uwindaji kusini mwa Tabora. Kazi hiyo sikuisomea. Baba yetu aliwinda kwa upinde zamani, kabla serikali haijasema basi, akatufundisha mimi na mdogo wangu wa kike. Watu walimcheka kwa kumfundisha mtoto wa kike mambo ya pori. Yeye akawaambia pua haina jinsia. Alikuwa anatufumba macho kwa kitambaa, anatuletea mishale aliyoichoma kwenye nyama ya mbuzi waliochinjwa, huu kwenye ini, huu kwenye mapafu, huu tumboni, na sisi tunataja. Mdogo wangu alikuwa ananishinda. Lazima niseme hilo mapema.

Mshale ukipita kwenye mnyama unatoka na habari. Ukitoka na damu nyekundu yenye povu, umepita mapafu: kaa kidogo, vuta sigara yako, nenda utamkuta amelala. Damu nyeusi nzito ni ini, unasubiri saa kadhaa. Lakini ukinuka samadi, ukaona na uchafu wa kijani, umepita tumboni, na hapo unarudi kambini. Unarudi kabisa, unakuja kesho. Mbogo aliyechomwa tumbo hafi upesi wala haendi mbali. Anazunguka, anarudi kulala kando ya njia yake mwenyewe, anamngoja huyo anayemfuata.

Baba alikuwa na sheria moja juu ya hayo yote, na traka wote wa kwetu waliishika: anayenusa mshale ndiye anayetangulia. Ukisema ni mapafu, basi wewe ndiye utakayeongoza njia. Hapo pua inakosa pa kudanganyia.

Mdogo wangu aliolewa na traka mwenzangu. Shemeji alikuwa mrefu, mwembamba, na mdomo wake haukujua kupumzika. Aliiita pua yangu pua ya kununulia, eti mahari ya dada yangu ilitolewa kwa sababu ya pua ile, wala si kwa sababu ya dada mwenyewe. Miaka saba tulitembea pamoja, mmoja anaangalia chini, mwingine anaangalia mbele. Ukitembea hivyo na mtu mnafika mahali hamuongei, mnaguna tu, na mguno unatosha.

Bosi alikuja kwetu kama mteja. Alikuwa na biashara ya vifaa vya ujenzi Dubai, na alikuwa na kibali cha kuwinda mbogo kwa upinde, siyo bunduki. Wateja wa namna hiyo ni wachache, na sisi traka hatukuwapenda. Mwenye bunduki anapiga akiwa mbali. Mwenye upinde anataka umfikishe hatua ishirini kutoka kwa mbogo, na mbogo akikataa kufa, mtakaofuata damu ni nyinyi. Nyuma yenu anakuwepo mwindaji bingwa na bunduki yake kubwa, ndiyo, lakini nyuma ni nyuma.

Kumi zilikuwa siku zake. Siku tisa tukatambaa kwa magoti bure. Jioni ya tisa akaniita pembeni ya moto, akaniuliza kama nina pasipoti. Nikamwambia sina. Akasema ukinipatia mbogo kesho, utaipata, utakuja Dubai unitunzie pinde zangu na kuendesha gari. Alisema akicheka, lakini nilimjua mtu anayetania na mtu asiyetania. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, nyumba ya tope na goti lililoanza kulia kila nikichuchumaa. Sikulala.

Asubuhi tulimfikisha. Dume kubwa, mzee, peke yake, kando ya kijito kilichobaki tope tu. Bosi akavuta, akaachia. Nilisikia sauti ya kitu kugonga ngoma iliyolegea, na ile sauti peke yake ilitosha kuniambia. Mbogo akaruka, akapotea kwenye majani marefu. Mshale ulikuwa umepita upande wa pili. Mimi ndiye niliyekimbilia kuutafuta kwa sababu nilikuwa karibu, na niliuona kabla ya wenzangu wote.

Nikaunusa.

Ulinuka tumbo. Sitaki kujipa nafasi hapa nikasema sikuwa na uhakika, upepo ulikuwa mwingi, nilikuwa nimechoka. Ulinuka tumbo, na manyoya yalikuwa yamelowa kijani. Nilijua maana yake: turudi kambini, kesho bosi apande ndege bila mbogo, na mimi nibaki na goti langu. Mkono wangu ukachuma majani ukaufuta ule mshale, haraka, chini ya kiuno, kabla mwindaji bingwa hajafika. Alipofika nikampa. Akauliza kwa nini nimeufuta. Nikasema ulidondokea matope. Tangu juzi alikuwa na mafua makali, pua imeziba, macho mekundu, akanitegemea mimi. Akaniuliza, "Nini?" Nikamjibu, "Mapafu."

Tulikaa nusu saa. Tuliposimama nilikuwa najiandaa kutangulia, wallahi nilikuwa najiandaa. Moyoni nilijiambia kama ni kufa nife mimi. Lakini bosi akaniita. Alitaka nitembee naye nimshikie podo la mishale nimwelezee alama za njia, mtu wake wa Dubai nikiwa bado hata pasipoti sina. Nikageuka kumtazama shemeji.

"Nenda kwa bosi wako bwana," akasema. "Mimi nitatangulia. Ni mapafu kweli?"

"Mapafu."

"Haya, pua ya kununulia." Akacheka, akainama kwenye damu.

Angeweza kuomba aone mshale. Hakuomba, maana nilikuwa nimeshasema. Tulikwenda mwendo wa kutosha mtu kumaliza sigara. Nilimwona anasimama, anainua mkono kama anayetaka kusema jambo, na mbogo akatoka ubavuni, siyo mbele, ubavuni, kutoka kwenye majani tuliyokwisha kuyapita. Mwindaji bingwa alipiga risasi mbili na zote zilipata. Mbogo alianguka juu ya miguu ya shemeji, pembe ikiwa imeshamtoboa. Tulipomvuta shemeji bado alikuwa anapumua, alinitazama, na mimi nikaangalia pembeni. Hakufika hata kwenye gari.

Bosi na mwindaji bingwa hawakufika msibani, na kijijini hakuna aliyeniuliza kitu. Kwa nini waulize? Marehemu ndiye aliyetangulia, na anayenusa ndiye anayetangulia. Kila mtu alielewa kwamba shemeji ndiye aliyenusa, akachanganya tumbo na mapafu, kosa ambalo kwetu hata mtoto halifanyi. Sikuhitaji hata kudanganya tena. Sheria ya baba ilinidanganyia. Na baba mwenyewe, pale makaburini, alitikisa kichwa akasema, "Pua yake imemponza." Wakwe wa dada yangu waliinamisha macho kwa aibu. Nilikuwa nimesimama katikati yao, na udongo mkononi.

Mdogo wangu alikaa eda miezi minne na siku kumi bila kutoa chozi. Watu wakasema ana moyo wa jiwe. Halikuwa jiwe, ni hasira. Alikuwa amemkasirikia mumewe. "Ameniachia watoto watatu kwa uzembe," aliniambia. "Kitu kimoja tu alitakiwa kukijua." Watoto nao shuleni walitaniwa, eti baba yenu alikuwa na mafua ya maisha. Na mimi, mjomba wao, nikawanunulia madaftari.

Miezi mitatu baada ya eda nilikuwa Mirdif.

Sitasema bosi alikuwa mtu mbaya. Alitimiza alichoahidi. Nilipewa chumba nyuma ya gereji chenye kiyoyozi, nikajifunza gari, nikapata leseni. Jioni, joto likipungua, alifanya mazoezi uani, akizichoma sanamu za sponji ngumu zenye umbo la mbogo na chui, na mimi nazifuata nachomoa mishale, ndege zikipita juu ya paa zetu kwenda kutua. Mshale unaochomolewa kwenye sponji haunuki kitu. Hata hivyo kwa muda mrefu kila nikichomoa mmoja nilikuta nimeupeleka puani.

Ila alikuwa na mchezo wake. Wageni wakija, wakishakula, anawapeleka sebuleni mbele ya kile kichwa, anasimulia. Katika simulizi yake ni mshale uliomuua mbogo. Zile risasi mbili zilikuwa za kuhakikisha tu. Shemeji aliitwa "traka mmoja masikini". Akifika katikati ananiita, nasimama karibu na kabati la kioo na mikono nyuma, ananiuliza mbele ya watu: "Waambie, uliponusa mshale, ulinusa nini?"

Na mimi najibu kwa Kiingereza, "Lungs, sir." Mapafu, bwana.

Wageni wanaguna kwa mshangao, mtu ananipigapiga bega, khalas, narudi jikoni. Nimejibu hivyo mara ngapi sijui. Mshale wenyewe aliuweka bila kuuosha. Alilalamika mwanzoni kwamba niliufuta damu, akasema angalau kwenye manyoya imebaki kidogo. Hakutaka manyoya ya plastiki, alitumia ya bata mzinga, na manyoya ya kweli yanashika. Bosi aliona damu. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyejua kuisoma.

Mwaka wa tatu mdogo wangu akaja naye, kupitia wakala. Akapata kazi ya usafi kwenye ofisi za Jumeirah Lakes Towers, anapiga deki ghorofa nne na kuwapikia watu chai, na kitanda kwenye chumba cha wanawake sita mtaa wa Karama. Kila Ijumaa nilikwenda kumwona. Alinipikia ugali na dagaa aliotumiwa kutoka nyumbani, tunakula chini, tunaongea habari za watoto. Na haikupita Ijumaa asimtaje marehemu kwa uchungu. Mtoto wa kwanza amefeli hesabu: "Ana akili za baba yake, tumbo kwake mapafu." Nami nilitafuna. Jamani, nilikula chakula cha yule mtoto wa kike wiki baada ya wiki na kikashuka.

Kumleta Mirdif sikuwahi hata siku moja. Nilimwambia bosi hapendi wageni. Lakini msichana wa kazi wa madam alikwenda likizo kwao, na bosi alikuwa amealika watu ishirini. Madam akakumbuka kwamba nina dada. Nikasema anafanya kazi. Madam akasema ni siku ya mapumziko, mpigie. Nikasema simu yake mbovu. Madam akanitazama vile wanavyotazama, akaniambia nichukue gari nikamlete, yalla. Dada mwenyewe alifurahi sana. Alivaa gauni lake la Idi, na garini aliimba.

Nilimpangia abaki jikoni. Ningeweza kumfungia humo ningemfungia. Ila chai ilipoiva madam alimpa sinia akamwelekeza sebuleni, na nilipoitwa na bosi nilimkuta mdogo wangu amesimama palepale pembeni ya kabati, sinia mikononi, macho yake yakiwa usawa wa mshale.

"Waambie," bosi akasema. "Uliponusa mshale, ulinusa nini?"

Kiingereza cha dada yangu ni cha ndoo na fagio, lakini hicho alikielewa. Nilimwona anaacha kuangalia watu na kuanza kuangalia manyoya. Niliyajua anayoyaona. Kati ya unyoya na unyoya, pale kwenye gundi ambapo majani yangu hayakufika, kulikuwa na nyuzi nyembamba za nyasi, zimekauka, rangi ya tumbaku. Nyasi zilizotafunwa. Kwenye mapafu hakuna nyasi.

Wote walikuwa wananingoja.

"Lungs, sir," nikasema.

Wakaguna. Dada yangu akazungusha sinia, kikombe kwa kikombe, hakumwagia mtu hata tone.

Jikoni aliliweka chini polepole. "Kaka, amekuuliza ulinusa nini. Amekuuliza wewe."

"Ni maneno ya kufurahisha wageni tu. Unajua hawa."

"Nimeyaona manyoya."

"Damu ya zamani ile, inabadilika rangi..."

"Usinifundishe," akasema. "Tulifundishwa pamoja."

Madam akaingia kuuliza tambi za sukari ziko wapi. Dada yangu akampa, akamtabasamia, na akahudumia mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka. Nilimrudisha Karama kwa gari la bosi. Njia nzima alikaa kiti cha nyuma kama madam. Tulipofika alifungua mlango akasema, "Ijumaa uje. Uje umeshiba, sikupikii."

Ijumaa hiyo wenzake wa chumbani walikuwa kazini na kanisani, maana Dubai ibada ni Ijumaa. Alikuwa ameketi kitandani, pazia limefunguliwa, simu mapajani. Dubai huwezi kupiga simu ya WhatsApp, wameifunga, lakini ujumbe wa sauti unakwenda. Alifungua kundi la familia. Akanionyesha majina: baba, wakwe zake wawili, shangazi, mwanawe mkubwa anayetumia simu ya bibi yake.

"Sema," akaniambia. "Nitashika mimi kitufe."

Nikaanza na salamu, nikaeleza siku tisa za kutambaa, joto, uchovu. Akaufuta. Nikaanza tena, nikasema bosi alikuwa na haraka ya ndege, na mwindaji bingwa alikuwa na mafua. Akaufuta huo nao. "Umeshafuta vya kutosha wewe," akasema, "leo nafuta mimi. Anza."

Nilimwambia watanichukia. Akasema ndiyo. Nilimwambia baba ni mzee, itamuua. Akasema, "Baba alimzika mume wangu kwa kumtukana. Anza."

Mara ya tatu nikataja jina la shemeji. Nikasema: "Mimi ndiye niliyenusa. Ulinuka tumbo. Nikasema mapafu kwa sababu nilitaka kuja Dubai. Nikaufuta mshale ili asijue mtu. Yeye aliniuliza nikamwambia mapafu, akatangulia mahali pangu. Pua yake haikukosea. Haikunusa."

Aliachia kidole. Tiki moja, tiki mbili. Baada ya muda zikageuka bluu. Mpaka leo baba hajanijibu.

Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nayataka hayo matusi. Hakunitukana. Aliivuta khanga yake kutoka kwenye msumari, akajifunika kichwa na uso, akalala kifudifudi. Halafu akaanza. Kilio kile nilikuwa sijawahi kukisikia kwake, si utotoni, si siku ya maiti kuletwa. Alikuwa anamwita mumewe kwa jina la nyumbani, anamwambia nisamehe, nimekusema vibaya, nimekusema vibaya mbele ya wanao. Miaka minne ya mtu aliyekufa kutukanwa na mkewe, na yote ilikuwa inatoka kwenye kile kitanda chembamba. Nilinyoosha mkono kumgusa bega. Bega likakwepa.

Ndipo wenzake wakarudi kutoka kanisani, Waganda wawili na Mkenya mmoja, wamevaa vizuri, na mifuko ya plastiki ya chipsi. Wakasimama mlangoni.

"Nani amefariki?" akauliza mmoja.

"Mume wangu," dada yangu akasema chini ya khanga.

Wakatazamana. Walijua kwamba ni mjane, walikuwa wanakaa naye mwaka mzima. Yule Mkenya akasema taratibu, "Lakini dadangu, si ulituambia ni kitambo?"

"Nilikuwa sijamlilia."

Wanawake ni wanawake, hawakuuliza tena. Waliweka mifuko chini, wawili wakapanda kitandani wakamkumbatia. Wa tatu, Mganda, mlinzi wa jengo fulani, dada mnene mwenye uso wa huruma, akanigeukia mimi niliyekuwa nimebaki nimesimama kama kabati. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, kaka," akasema. "Pole kwa msiba. Kaa chini, nikuletee maji."

Nikaitikia. Mdomo wangu ukaitikia wenyewe, kama ulivyozoea kule Mirdif: "Asante, tumeshapoa."

Kilio kikakatika. Dada yangu aliifunua khanga mpaka machoni, akaniangalia mimi, kisha akamwangalia yule Mganda.

"Huyo msimpe pole," akasema.

Yule Mganda akauachia mkono wangu.